Ruhusa ya Mbu

Nyuma ya nyumba yangu, Mwananyamala, kuna pipa la bati la lita mia mbili. Si pipa la fahari. Lilinunuliwa likiwa bado linanuka mafuta, likachomwa moto ndani ili harufu itoke, likapakwa rangi, na tangu hapo kazi yake ni moja tu: kuhifadhi maji kwa zile siku ambazo bomba linatoa upepo. Msomaji aliyewahi kuishi Dar es Salaam hana haja ya kuelezwa zaidi.

Katika masika ya mwaka 2014 homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, iliingia mjini kwa nguvu. Waliothibitishwa kuwa nayo walifikia kama elfu moja, na wengi wao walikuwa wa wilaya yetu ya Kinondoni. Waliougua na kupona vitandani mwao bila ya kupimwa hakuna aliyewahesabu. Mimi sikuugua. Aliyeugua ni jirani yangu wa upande wa kushoto, mama aliyekuwa akipika vitumbua alfajiri na kuwauzia watu wanaowahi daladala. Alianza kulalamika mifupa, kisha macho, kana kwamba mtu anayasukuma kutoka ndani. Alipimwa malaria, haikuonekana. Siku ya tano akaanza kutoka damu kwenye fizi, akapelekwa hospitali. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Alirudi nyumbani baada ya siku tisa bila ile mimba.

Daktari hakumwambia kwamba ni homa ile iliyoitoa. Alimwambia huenda.

Nilikwenda kutoa pole jioni, nikakaa nao kidogo ukumbini, nikarudi kwangu. Nilipofika uani nikachukua tochi nikamulika ndani ya pipa. Mfuniko wake ulikuwa umeliwa na kutu tangu mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimejiahidi mara nyingi kwamba mwisho wa mwezi nitamwita fundi. Viluwiluwi walikuwa wengi kiasi kwamba maji yalionekana kama yanachemka. Nilisimama pale, mwalimu wa biolojia aliyestaafu, mtu aliyechora ubaoni mzunguko wa maisha ya mbu kwa zaidi ya miaka thelathini, yai, kiluwiluwi, buu, mbu, na chini yake akaandika kwa chaki nyekundu: FUNIKA MAJI.

Usiku ule ule nilimwaga pipa lote, maji niliyoyanunua kwa mkokoteni, nikasugua kuta zake kwa brashi. Mayai ya mbu huyu hunata kwenye kuta na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji yarudi. Hilo nalo nilikuwa nikilifundisha.

Nimeanza na habari hii kwa sababu nataka kuzungumza juu ya swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu wakati ule, na ninaona si haki kulizungumza kama mtu aliyekaa mbali. Swali lenyewe ni hili: je, inaruhusiwa kuwaachia mbu kwa makusudi katika mitaa ya watu, hata kama nia ni kuwaondolea watu hao maradhi?

Wapo wanaofanya hivyo, na wanachokifanya si mzaha. Mwaka 1924 wataalamu wawili wa Marekani, Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach, waliona viumbe vidogo mno ndani ya seli za mbu wa kawaida wa majumbani. Mwaka 1936 Hertig aliipa bakteria hiyo jina la Wolbachia, kwa heshima ya mwenzake. Kwa miaka mingi baadaye waliojali habari zake walikuwa wachache. Leo inakadiriwa kwamba karibu nusu ya aina zote za wadudu duniani wanayo bakteria hii. Vipepeo wanayo, inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva wanayo. Haiambukizwi kwa kugusana wala kwa kuuma, bali mama humrithisha mtoto ndani ya yai. Kwa hiyo maisha yake yote yanategemea jambo moja, kwamba majike walio nayo wazae kuliko wasio nayo, na hilo imelitafutia hila ambayo mimi, pamoja na yote niliyoyasoma, bado inanishangaza. Dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye nayo, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye bakteria, akipandwa na dume yeyote, mayai yake huanguliwa, na watoto wote wanayo. Basi kizazi hata kizazi wenye bakteria huongezeka na wasio nayo hupungua.

Mbu anayeeneza dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hakuwa nayo. Scott O'Neill na wenzake huko Australia walihangaika miaka mingi kuitoa kwa inzi wa matunda na kuiingiza katika mayai ya mbu huyu kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Mwanzoni walitaka tu kumfupishia mbu maisha, maana virusi huhitaji siku kadhaa ndani ya mwili wa mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu akifa mapema, virusi hufa naye. Lakini mwaka 2009 likaonekana jambo kubwa zaidi. Ndani ya mbu mwenye bakteria hii, virusi vya dengi na vya chikungunya hustawi kwa shida. Wataalamu bado wanajadiliana kwa nini. Yawezekana wapangaji wawili wanagombea chakula kimoja ndani ya nyumba moja, mafuta yaliyomo katika seli, na aliyetangulia kuingia amekwisha kujaza chungu chake.

Januari 2011 walianza kuwaachia mbu hao katika vitongoji viwili karibu na Cairns, Yorkeys Knob na Gordonvale. Katika wiki kama kumi waliachia jumla yapata mbu 300,000. Kabla ya hapo walikuwa wamepima damu za watu waliojitolea kuwalisha mbu hao kwa mikono yao wenyewe katika maabara, wengine kwa miaka, ili kuona kama mwili wa binadamu umepata dalili yoyote ya bakteria ile. Haikuonekana. Mkono wa mtafiti uliochovywa katika kizimba cha mbu nitaurudia baadaye.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Yogyakarta, mji wa Indonesia ambako dengi ni jambo la kila mwaka. Mji uligawanywa katika maeneo 24. Kwa kura, 12 yakapewa mbu wenye bakteria na 12 yakaachwa kama yalivyo. Ndoo ndogo zenye maji, mayai na chakula cha viluwiluwi ziliwekwa katika nyumba za waliokubali, zikabadilishwa kila wiki mbili, kuanzia mwaka 2017. Kisha wagonjwa wa homa waliokwenda zahanati wakapimwa. Katika maeneo yaliyopewa mbu, waliokutwa na dengi walikuwa asilimia 2.3, katika yale mengine, asilimia 9.4. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2021 yalisema kwamba dengi ilipungua kwa asilimia 77, na wagonjwa wa kulazwa kwa asilimia 86.

Nilipozisoma hesabu hizo nilimfikiria mama wa vitumbua. Nadhani msomaji naye amemfikiria.

Hata hivyo hesabu nzuri hazijibu swali langu. Dawa ikinishinda naacha kuimeza. Daktari anayetaka kunipasua huniletea karatasi nitie sahihi. Lakini mbu mwenye bakteria, akishaenea, hakuna wa kumwita arudi. Atamuuma aliyekubali na aliyekataa, mgeni aliyefika jana, na mtoto ambaye hajazaliwa. Ipo njia nyingine, ya kuwaachia madume peke yao, kama inavyofanyika Singapore tangu mwaka 2016. Madume hayaumi, na mayai ya majike wanaowapanda hayaanguliwi, hivyo mbu hupungua. Na siku mradi ukisimama, mbu hurudi kama walivyokuwa. Huo ni uamuzi unaoweza kufutwa. Ule wa Yogyakarta haufutiki kwa urahisi, na wala haukukusudiwa ufutike, maana nguvu yake yote ni kwamba unajiendesha wenyewe bila ya kulipiwa kila mwezi. Kwa nchi maskini, huo ndio uzuri wake. Kwa maadili, hapo ndipo penye ugumu.

Kuna rafiki yangu, mzee wa msikitini, aliyeniambia kwamba kosa liko mapema zaidi: mwanadamu ameingiza mkono katika kazi ya Muumba. Nilimheshimu lakini sikukubaliana naye. Tulikwisha kuingiza mkono zamani. Mbu huyu wa majumbani asili yake ni Afrika, mkazi wa misitu aliyetaga katika matundu ya miti. Alijifunza kukaa na watu, akapanda majahazi na merikebu, zikiwemo zile zilizobeba watumwa, akazaliana katika mapipa ya maji ya kunywa mpaka akafika Amerika na baadaye Asia. Rabai, karibu na Mombasa, watafiti wa miaka ya 1970 waliwakuta mbu hawa wa namna mbili: weusi wa msituni, na wa rangi ya kufifia walioishi ndani ya nyumba. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata umeonyesha kwamba wale wa ndani ni wajukuu wa mbu waliokwenda ng'ambo kisha wakarejea. Basi mbu anayeniuma barazani yawezekana ni msafiri aliyerudi nyumbani akiwa na tabia za ugenini. Hakuna maumbile safi hapo ya kuyalinda.

Na magonjwa yenyewe yanaongea lugha zetu. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kilichojikunja. Lilitolewa na wagonjwa wenyewe katika mlipuko wa 1952 na 1953 huko uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, na Marion Robinson akaueleza ugonjwa huo katika maandishi yake ya mwaka 1955. Nilianza kazi ya ualimu upande ule na niliwakuta wazee waliokuwa wakiukumbuka. Mmoja aliinama mbele yangu, akashika magoti, akatembea hatua tatu namna ile, akacheka. Leo neno hilo linatamkwa na madaktari wa Brazili na wa India. Hata jina la dengi wapo wanaolirudisha kwenye Kiswahili cha pwani, kwenye dinga ya Unguja ya karne ya kumi na tisa.

Kwa hiyo mimi sina hofu ya kuingilia. Hofu yangu ni nani anaingilia, na kwa idhini ya nani. Sisi watu wa nchi zilizotawaliwa tuna sababu ya kuuliza hivyo, wala tusionewe kuwa ni washamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la India walikuwa na mradi wa mbu mjini Delhi, uliolipiwa kwa fedha za Marekani. Watu walikuja kuujua kupitia magazeti, na magazeti yalisema kwamba hayo ni matayarisho ya vita vya vijidudu. Shirika lilikanusha. Suala likafika bungeni, na mwaka 1975 mradi ukafa kabla ya mbu kuachiwa katika mji wa Sonepat kama ilivyopangwa. Wanasayansi husimulia kisa hiki kwa masikitiko, kwamba elimu iliuawa na uvumi. Mimi nakisoma vingine. Mtu akikuta wageni uani kwake usiku, hata kama wamekuja kumzibia paa, ana haki ya kupiga kelele. Wa kulaumiwa ni aliyeona si lazima kubisha hodi.

Hodi hiyo inabishwaje? Hapa nimebadilisha mawazo mara mbili. Kwanza niliamini kwamba lazima kila mtu akubali. Baadaye niliona kwamba sharti hilo halitimiziki, na zaidi ya hapo lina udhalimu wake. Mbu hajui ukuta. Tukisema mmoja akikataa basi mtaa mzima usipewe, tumempa mmoja mamlaka ya kuamua kwamba jirani zake waendelee kuugua. Anayekataa mbu wa bakteria hajakataa mbu. Amechagua mbu wa zamani, na amewachagulia wengine pia. Nikaingia upande wa pili, nikasema basi yatosha hesabu ziwe nzuri na viongozi waridhie. Hilo nalo halikunikaa. Namfahamu mwenyekiti wa mtaa anayeridhia kila kitu kinachokuja na bahasha.

Mawazo yangu ya sasa hayana umbo zuri, nayaandika kama yalivyo. Ridhaa ya jambo la pamoja haiwezi kuwa sahihi moja moja, lakini haiwezi kuwa ya juu ya vichwa vya watu. Watu waelezwe kwa lugha wanayogombana nayo nyumbani, si kwa vipeperushi. Waambiwe na mabaya: kwamba bakteria hii hupungua ndani ya viluwiluwi maji yakipata joto kali, na pipa la bati juani ni joto kali, kwamba virusi vinaweza kubadilika siku moja vikaizoea, kwamba mbu wataendelea kuuma. Wapewe muda wa kukataa, na kukataa kwao kuwe na uzito. Mwishoni mwa 2023 huko Bali uachiaji uliokwisha kupangwa uliahirishwa kwa sababu watu walipinga, ingawa Yogyakarta ni nchi ile ile na matokeo yake yalikuwa yanajulikana. Wengine waliona ni hasara. Yawezekana wapo walioumwa dengi kwa sababu ya uahirisho ule. Bado naona afadhali, maana jambo linalodumu vizazi halifai kuanza kwa kuwashinda wenyeji.

Na yale maeneo 12 ya Yogyakarta yaliyonyimwa kwa kura? Hayo yalinitesa kuliko nilivyotegemea. Kuna watoto waliolazwa wakati ng'ambo ya barabara wenzao wanacheza, kwa sababu ya karatasi iliyotoka ndani ya kofia. Nilijituliza kwamba wakati kura inapigwa hakuna aliyejua kama dawa ni dawa, na kwamba jaribio lilipokwisha maeneo yale nayo yalipewa. Ni utulivu wa kweli, lakini si kamili. Ukiwa mzazi wa aliyelazwa, hesabu hiyo haikai kichwani namna ile ile.

Liko jambo moja zaidi, na hili silioni likisemwa mara nyingi na wataalamu. Pipa langu lipo kwa sababu bomba halitoi maji. Tairi la nyuma ya gereji lipo kwa sababu gari la taka halipiti. Naogopa siku ambayo bakteria itakuwa kisingizio. Kwamba mkubwa atasema dengi imekwisha, basi ya nini kuchimba mabomba mapya Mwananyamala? Kumrekebisha mbu ni rahisi kuliko kurekebisha mji, na serikali zote duniani hupenda kilicho rahisi. Sitaki jambo hili litumike kukataa tiba. Nataka tu lisisahauliwe.

Kisha narudi pale usiku, na tochi mkononi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nazalisha mbu na kuwaachia mtaani. Sikuomba kibali, sikuitisha mkutano, sikumpima mtu damu. Kosa la uzembe halihalalishi kosa la makusudi, hilo najua. Mtu aliyemgonga mwenzake kwa kutoangalia hampi mwingine ruhusa ya kugonga. Lakini linanizuia kuzungumza kama kwamba upande mmoja kuna watu wanaoachia mbu na upande wa pili kuna hewa safi. Wale wa Australia angalau walitia mikono yao kwanza.

Mwaka huu, siku moja ya Jumapili, yule mama alikuja kuazima ngazi. Siku hizi hauzi vitumbua. Mtaji wake ulikwisha wakati ule wa ugonjwa, na baadaye akafungua genge la mboga. Nilimkaribisha barazani, nikamweleza habari ya mbu wa Yogyakarta kwa urefu, kama darasani. Alisikiliza huku akichambua mchicha aliokuwa ameuweka kwenye upawa wa kanga yake.

"Wanauma?" akauliza.

"Wanauma, mama. Ila hawaleti homa. Au wanaileta kwa nadra sana."

"Na wakishakuja hawaondoki."

"Hawaondoki."

Akachambua kidogo. "Basi Mwalimu, wakija wawaachie kwako kwanza. Wakae mwaka. Mimi nitakuangalia kutoka pale ukutani."

Tulicheka wote wawili. Nikasema nakubali, na kweli nilikuwa nakubali. Ndipo, nadhani kwa sababu ya kile kicheko, nikafungua mdomo kumwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia kwa miaka yote ile. Nilisema, "Mama, mwaka ule ulipougua, lile pipa langu..."

"Halikuwa na mfuniko," akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye mchicha. "Tulikuwa tunaliona kutoka jikoni."

Sikupata la kusema. Akamaliza fungu lake, akafunga kanga, akaniuliza ngazi iko wapi. Nilimbebea mpaka kwake.